Mkaguzi Alikuwa Amepitisha

Nimerudisha funguo, kitambulisho na kompyuta ndogo ya ofisi. Kikombe changu cha chai nimekiacha kwenye kabati la chumba cha seva, kwa sababu mpini wake ulivunjika zamani na hakuna atakayekitamani. Wenzangu mliobaki mliniomba niandike kidogo juu ya miaka yangu ya kazi. "Uzoefu tu, Mama Kabula, usijichoshe." Nimejichosha. Vyeo sitavigusa, vimo kwenye faili langu, na mshahara haukuwahi kuwa na hadithi ndefu. Nitaanza na siku ya kwanza, kisha nitaruka miaka mingi mpaka kwenye kazi moja ambayo faili la ofisi limeieleza kwa sentensi mbili. Sentensi zote mbili ni za kweli, lakini hazisemi Masanja alifanya nini wala mimi nilifanya nini.

Nilianza kama fundi mwanafunzi kwenye chumba cha mitambo ya simu, hapa hapa Tabora mjini. Nilifika asubuhi nimevaa sketi mpya na viatu vya kisigino, mavazi ya mtu anayedhani ofisi ni meza na kiti. Aliyenipokea alikuwa Bi Zuhura, fundi mkuu wa zamu, mwanamke wa makamo aliyezaliwa na kukulia mjini, ushungi ameufunga nyuma kwa fundo usije ukaning'inia kwenye nyaya.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Viatu hivyo ni vya kazi au vya arusi?"

"Vya kazi."

"Basi siku ya arusi tutakuja kutazama."

Alinipa testa, ile bisibisi yenye kitaa kidogo ndani ya mpini, kinachowaka ukigusa penye umeme. Akanionyesha waya mmoja, akaniambia nihakikishe hauna umeme kisha niufungue. Niligusa na testa, kitaa hakikuwaka. Nikaushika waya. Nilichokijua baada ya hapo ni kwamba nimekaa chini, mgongo umeegemea rafu, na kiatu kimoja kiko upande wa pili wa chumba.

"Testa ilikuambia nini?" Bi Zuhura aliuliza, bila haraka.

"Kwamba hakuna umeme."

"Na hiyo testa, nani aliiuliza kama ni nzima?"

Akanifundisha. Unagusa kwanza mahali unapojua pana umeme, kitaa kiwake. Kisha unagusa pale penye shaka. Kisha unarudi pale unapojua, uone kama testa haijakufa katikati ya safari. Hatua tatu, kila mara, hata ukiwa na njaa. Kipimo nacho hupimwa. Nilikuwa na hasira naye mwezi mzima, kwa sababu nilihisi alijua kwamba testa ile ni mbovu. Nilimuuliza miaka mingi baadaye, yeye akiwa ameshastaafu. Alinitazama kama mtu asiyekumbuka, akanisogezea sahani ya halua.

Kompyuta zilipokuja, mitambo ile iling'olewa na kupakiwa kwenye lori, nasi tukaambiwa tubadilike au tuondoke. Nilibadilika. Nilijifunza mfumo endeshi wa aina ile iliyo huria, ambao mtu yeyote anaweza kuusoma mpaka ndani, akaona kasoro, akatuma kiraka, yaani sahihisho, kwa wanaoutunza. Sikuamini kwamba mtu wa mtaani kwetu Ipuli anaweza kutuma kitu kikapokelewa. Kiraka changu cha kwanza kilisahihisha neno moja kwenye maelezo ya pembeni, neno ambalo mashine yenyewe hailisomi. Kilipokelewa. Jioni ile nyumbani kwangu alichinjwa kuku, na majirani walidhani nimepata mchumba.

Kazi yetu ikawa kuunganisha ofisi na vituo vya afya vilivyotawanyika kando ya barabara ya kaskazini, kuanzia Isikizya, kupita Puge, mpaka Nzega. Wageni huja Tabora kuulizia njia za zamani za misafara, wakitaka kuonyeshwa wapagazi walipotua mizigo. Sisi tumechimba mitaro ya nyaya kilomita nyingi kandokando ya njia hizo, na tulichokikuta ni mizizi na vichuguu. Labda waliokota kila kilichodondoka.

Masanja alijiunga nasi akiwa mtu mzima, mwenye mke na watoto wawili. Kwao ni Puge, kwa wakulima, na alikuwa mpole wa maneno kiasi kwamba mtu wa haraka angeweza kumdhania mzito. Aliandika kila kitu kwa penseli kwenye kauntabuku, hata programu, kabla hajagusa kompyuta. Na alikuwa na tabia moja iliyotuchekesha. Mlango wa ofisi yetu haukuwa na kitasa na ulikuwa wazi siku zote, lakini yeye alisimama nje kila asubuhi akabisha hodi, akangoja.

"Ingia bwana, hii ofisi ya umma," tulimwambia.

"Nimesikia," alijibu, na kesho yake akabisha tena.

Ili mfuate yaliyobaki, kuna mambo mawili lazima niyaeleze, nayo nitayaeleza mara moja tu. La kwanza ni kiini. Kiini ni ile sehemu ya mfumo inayoshika kila kitu: diski, nyaya, kumbukumbu ya mashine. Programu ya kawaida ikikosea, inakufa peke yake. Kiini kikikosea, mashine nzima inalala. Siku hizi kiini kinakuruhusu uingize ndani yake programu ndogo uliyoiandika mwenyewe, tuseme ya kupanga data inayopita kwenye waya. Lakini kabla haijaingia, kuna mkaguzi anayeisoma, akifuata kila njia ambayo programu inaweza kuifuata. Akiona njia hata moja ya hatari, anaikataa. Huyu mkaguzi si mtu, ni sehemu ya kiini chenyewe, ila mimi humwita "yeye" kwa sababu ana ukaidi wa mtu.

La pili ni kielekezi. Hicho ni namba tu, inayosema kitu fulani kiko wapi kwenye kumbukumbu ya mashine, kama namba ya nyumba mtaani. Programu inaomba nafasi kwenye hifadhi. Nafasi ikiwepo, inapewa namba yake. Isipokuwepo, inapewa sifuri. Sheria ni kwamba kabla hujaitumia namba hiyo, uulize kwanza kama ni sifuri. Ikiwa ni sifuri, rudi ulikotoka. Kazi mojawapo kubwa ya mkaguzi ni kusimamia sheria hiyo.

Masanja aliandika programu ndogo ya kutanguliza data za vituo vya afya pale waya unapojaa. Ilikuwa kurasa tatu za kauntabuku, safi. Niliisoma, nikasaini fomu mahali palipoandikwa "Imepitiwa". Mkaguzi akaipitisha bila kunung'unika. Tukaiingiza kwenye seva.

Ilifanya kazi vizuri wiki mbili. Kisha siku moja, saa nne asubuhi, seva ikalala. Tuliiamsha. Baada ya muda Masanja akatokea mlangoni kwangu na kauntabuku kwapani.

"Hodi."

"Karibu, ingia."

"Mama, nina wasiwasi na mkaguzi."

"Wasiwasi gani?"

"Nadhani kuna njia hajaiona. Hifadhi ikijaa, pale ninapo..."

"Masanja," nikamkatiza, "mkaguzi amepitisha. Wamemwandika watu wenye akili kuliko mimi na wewe. Nenda kaangalie umeme."

"Sawa, Mama," akasema, akaenda kuangalia umeme. Umeme ulikuwa mzima.

Wiki iliyofuata ikalala tena, na baada ya siku tano tena. Mara hiyo ya tatu, muuguzi wa kituo kimoja kijijini alikuwa anatuma taarifa za mama mjamzito aliyekuwa na hali mbaya, ili huku mjini waandae chumba na damu. Taarifa haikufika. Mama yule alipakiwa kwenye gari bila mtu yeyote wa kituoni kujua kama anasubiriwa. Alifika, akajifungua salama, na niliambiwa mtoto ni wa kike. Lakini barua ya malalamiko ilikuja, nayo ilistahili kuja.

Meneja wetu wa wakati ule alikuwa mtu wa haraka, mpenda majibu ya neno moja. Aliitisha kikao, tukakaa sita kuizunguka meza.

"Programu iliyoingizwa kwenye seva ni ya nani?"

"Ni yangu," Masanja akasema.

"Mama Kabula, ni yake?"

"Ni yake," nikasema.

Nilikuwa na mengi ya kuongeza. Kwamba niliipitia mimi. Kwamba saini yangu iko kwenye fomu. Kwamba alikuja kuniambia, nikamtuma kwenye umeme. Meneja alikuwa ameshageukia karatasi nyingine, nami nikamwacha ageuke. Masanja akasimamishwa kazi siku thelathini, zikiisha kamati ikae iamue. Kila mtu mezani alijua kamati ya namna hiyo huamua nini. Alikuwa na watoto wawili shuleni na mama mzee kijijini, na fundi aliyefukuzwa kwa kuangusha seva ya vituo vya afya hapati mahali pengine pa kuajiriwa Tabora nzima.

Alikusanya vitu vyake, akaja na kauntabuku, akaiweka mezani kwangu.

"Ukurasa wa mwisho, Mama. Ukipata nafasi."

Sikuufungua siku nne. Nilijiambia nina kazi nyingi, na ni kweli nilikuwa nazo, kama kila wiki.

Siku ya tano niliufungua. Alikuwa amechora kisanduku, ndani yake sifuri, kisha mshale, kisha "+8", kisha alama kubwa ya kuuliza. Chini yake ameandika kwa mwandiko wake wa shule: "Naongeza nane kwanza, ndipo nauliza kama ni sifuri. Mkaguzi anasema sawa. Kwa nini?" Nilisoma mara tatu, nisielewe anachokitafuta. Nikaona heri nikamuulize mwenyewe. Alikuwa amepanga chumba kule kwetu Ipuli, mitaa miwili kutoka nyumbani kwangu, na sikuwahi kufika.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba vilivyopangana, milango yote inatazama uani, mapazia ya aina moja. Niliambiwa ni mlango wa pili. Kila mtu aliyelelewa kwetu anajua namna ya kufika kwa mtu: unasimama mlangoni, unabisha hodi, unangoja. Mimi nilikuwa na haraka, na aibu nayo ilinisukuma, nikabisha hodi huku natembea.

"Karibu!" sauti ikaitika.

Nikafunua pazia. Ndani alikuwa baba mmoja mnene amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, kichwa chote kina povu la sabuni, wembe mkononi.

"Samahani sana," nikasema. "Namtafuta Masanja."

"Masanja ni mlango uliokwishaupita, Mama. Na hayupo, kaenda kwao Puge tangu Jumatatu."

"Sasa mbona umeitika wewe?"

Alinishangaa. "Hodi imebishwa mlangoni kwangu. Ulitaka aitike nani?"

Nilibaki pale na pazia mkononi kwa muda ambao yule baba lazima aliuona mrefu. Chumba cha Masanja kilikuwa kitupu. Kama ningesimama mlangoni kwake nikabisha, kimya kingeniambia hivyo, nami ningerudi. Lakini nilisogea kwanza ndipo nikabisha, na jibu nililolipata lilikuwa la mlango mwingine. Nikaingia kwa mtu nisiyemjua nikiamini nimekaribishwa. Nilimwomba radhi tena, nikamwacha na sabuni yake, nikakimbilia bodaboda.

Hivyo ndivyo programu ya Masanja ilivyokuwa. Hifadhi ikijaa, kiini kinampa sifuri. Yeye alihitaji kitu kilichokuwa hatua nane ndani ya nafasi, kwa hiyo aliongeza nane mapema. Sifuri ikawa nane. Kisha akauliza, kama sheria inavyotaka: je, hii ni sifuri? Si sifuri, ni nane. Basi programu inaendelea mbele, inafungua namba nane, ambayo si nyumba ya mtu, na seva inalala. Alikosea kuongeza kabla ya kuuliza, sikatai. Lakini mkaguzi yupo kwa ajili ya makosa kama hayo. Alipaswa kumrudisha mlangoni, naye alimfungulia.

Nilikuwa nimesahau testa. Miaka yote ile nilipima nyaya kwa hatua tatu, na mkaguzi nikamwamini bila hata moja. Sasa nilikaa kwenye mashine ya majaribio nikafanya kama Bi Zuhura. Niliandika programu mbovu ambayo kila mtu anajua ni mbovu, nikampa. Akaikataa. Nikampa ile yenye shaka, mistari michache tu. Akaipitisha. Nikampa tena ile mbovu. Akaikataa. Kwa hiyo mkaguzi alikuwa mzima, ila kuna mahali haoni.

Mahali penyewe nilipakuta baada ya siku mbili za kusoma msimbo wake, maandishi yale yaliyomuunda. Palikuwa na orodha ya aina za vielekezi ambavyo ni marufuku kuviongezea kitu kabla havijaulizwa. Aina aliyoitumia Masanja ilikuwa mpya, na aliyeiongeza kwenye kiini alisahau kuiandika kwenye orodha. Sikumlaumu sana. Hata orodha za arusi husahau shangazi. Kiraka changu kilikuwa mstari mmoja, jina moja likiongezwa mwisho wa orodha, pamoja na jaribio dogo la kuthibitisha.

Tatizo halikuwa dogo kama kiraka. Mtu mwenye nia mbaya asingeongeza nane. Angechagua namba yake kwa makini, akafika anakotaka ndani ya kiini, na mashine ikawa yake. Mashine za namna hiyo ziko dunia nzima. Kwa kosa la aina hii desturi ya kazi yetu ni kuwaandikia kwa siri wanaotunza kiini, kisha kufunga mdomo mpaka kiraka kiwe kimesambazwa. Niliandika. Alinijibu mtunzaji mmoja wa ng'ambo, sura yake siijui hadi leo, kwa sentensi moja: nimtumie programu fupi kabisa inayoonyesha kosa. Nikamtumia. Kesho yake akajibu kwamba ameliona, kiraka kinafaa, na niendelee kunyamaza wiki tatu.

Siku za Masanja zilizobaki zilikuwa kumi na nne.

Nitasema wazi kwamba siri ile ilinipendeza kwa siku mbili. Ilikuwa kisingizio kizuri kuliko vyote nilivyowahi kupewa. Ningeweza kumwambia yeyote kwamba ushahidi wa kumwokoa Masanja ninao, ila mikono yangu imefungwa, na ningekuwa sidanganyi. Siku ya tatu, nikiwa nasonga ugali, nikajiuliza ni kipi hasa Meneja alihitaji kukijua ambacho ni siri. Hakuna. Alichohitaji kukijua nilikuwa nacho tangu siku ya kikao, na hakikutaka ushahidi wa mtu yeyote aliye ng'ambo. Niliona aibu, nikazima jiko.

Asubuhi nilimpelekea barua ya sentensi tatu. Programu ile niliipitia na kuisaini mimi. Masanja alikuja kunionya baada ya seva kulala mara ya kwanza, nami nikampuuza. Chanzo kamili cha tatizo nitakieleza kwa maandishi baada ya wiki tatu, na nikishindwa, mniwajibishe mimi.

Meneja aliisoma amesimama.

"Kwa nini hukusema kwenye kikao?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kustaafu vibaya," nikasema, kwa sababu ndilo lililokuwa kweli.

Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na haraka tu. Kwenye faili imeandikwa hivi: "Mtumishi amerejeshwa kazini. Msimamizi amepewa onyo la maandishi." Hizo ndizo zile sentensi mbili.

Masanja alirejeshwa, lakini hakurudi. Barua ilimfikia, akanitumia ujumbe kwenye simu: "Nimepata barua. Namalizia palizi." Wiki ikapita, na nyingine. Palizi haichukui muda wote huo, hata kwa mtu anayelima kwa penseli. Kiraka kilipotoka hadharani nilikichapa kwenye karatasi, nikapanda gari la Nzega, nikashukia Puge.

Nilisimama nje ya uzio wa minyaa. Sikukanyaga uani.

"Hodi!"

Kimya. Kuku walinitazama. Nikabisha tena, nikangoja. Akatoka mama mzee akijifunga kanga.

"Mwangaluka," akanisalimu kwa lugha ya kwao.

"Mwangaluka, mayu," nikaitika, nikimwita mama. "Mimi natoka Tabora, kazini kwa Masanja."

Alinitazama kwa muda, na nikajua kwamba habari zangu zimeshafika. Kisha akasema, "Karibu," na akanitolea kigoda.

Masanja alikuja kutoka shambani, akaweka jembe ukutani, akanawa mikono taratibu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Habari za palizi?"

"Iliisha zamani." Akakaa kwenye gogo mbele yangu. Hakuulizia karatasi niliyoishika. "Mama, siku ile ya kikao uliulizwa, ukajibu nusu."

"Nilijibu nusu."

"Nilikuwa naingoja ile nusu nyingine. Mpaka nafika stendi nilikuwa bado naingoja."

"Niliogopa, Masanja. Ulikuja kuniambia kweli mapema, nikakutuma kwenye umeme. Nisamehe."

"Umeme ulikuwa mzima," akasema.

"Najua."

Mama yake, aliyekuwa anapeta mahindi pembeni na kujifanya hasikii, aliacha kupeta. Kisha Masanja akanyoosha mkono, nikampa karatasi. Kwenye kila kiraka, chini ya maelezo, huwa kuna mistari ya majina, na desturi ni kila mtu apewe mstari wake. Nilimwonyesha: aliyeligundua kosa, jina lake kamili. Aliligusa kwa kidole chenye udongo. Nilidhani tumemaliza. Akaanza kusoma msimbo wenyewe.

"Umeongeza jina kwenye orodha," akasema.

"Ndiyo. Ndilo lililokuwa limesahaulika."

"Na kesho mtu akileta aina nyingine mpya, akasahau?"

Nilivuta ile karatasi, nikausoma upya mstari wangu.

"Orodha ya wanaokatazwa haiishi, Mama. Kila kielekezi ambacho hakijaulizwa si kina alama yake, kwamba huenda ni kitupu? Basi mkaguzi aitazame alama. Mwenye alama asisogee, awe nani, awe mgeni wa jana. Hapo huhitaji majina."

Nilipanda gari asubuhi ile nikiamini nampelekea zawadi. Nilikasirika kidogo, kisha nikacheka mpaka mama mzee naye akacheka, bila kujua tunachekea nini. Masanja aliingia ndani akatoka na kauntabuku mpya na penseli. Tulifanya kazi pale uani mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia. Kilikuwa kiraka chake kila herufi. Kilipokamilika alikigeuza upande wangu, akaweka ncha ya penseli mahali pa majina, chini ya lake, kwenye mstari wa aliyepitia.

"Utasaini?"

"Nitasaini."

"Watakaosoma ni wengi kuliko wa kikaoni."

"Najua."

Kilichelewa mwezi mmoja, wakabishana naye juu ya mambo mawili madogo, naye akawajibu kwa upole hadi wakachoka. Sasa kiko ndani. Orodha ilifutwa yote. Jumatatu baada ya siku ile ya Puge alirudi kazini, akasimama kwenye mlango usio na kitasa, akabisha hodi. Hakuna aliyecheka, na mimi ndiye niliyeitika.

Yeye ndiye sasa anakalia kiti changu, kwa hiyo wengi wenu mtapeleka kazi zenu kwake. Ataziuliza maswali hata zile ambazo mkaguzi amezipitisha, na msimnunie. Mkitaka kuhakikisha niliyoyaeleza, msitafute kwenye faili. Nendeni kwenye historia ya kiini, iko wazi kwa kila mtu, mtafute kiraka kinachokataza kusogeza kielekezi ambacho hakijaulizwa. Jina la juu ni lake. La chini, kwenye mstari wa aliyepitia, ni langu, na safari ile niliandika jina zima.